Chagua Ziwa Kabla ya Samaki

Katika maduka ya samaki wa mapambo ya Ujerumani na Marekani, vibao vya bei hubeba majina ya vijiji vya Tanzania. Mteja anayejua mambo haombi Tropheus tu; anataka Tropheus wa Ikola, au duboisi wa Maswa mwenye mkanda mpana wa njano ubavuni. Kipili, Karilani na Utinta hutajwa na watu ambao hawajawahi kuiona Katavi wala Rukwa. Huku kwetu, tangi likiwapo sebuleni Dar es Salaam au Nairobi, mara nyingi ndani yake mna samaki wa dhahabu, ambaye asili yake ni China, anazungukazunguka juu ya changarawe zilizopakwa rangi ya bluu.

Hali hiyo si ngumu kubadilika, ila haibadiliki kwa kukimbilia dukani.

Siklidi ni familia kubwa ya samaki, na sato, perege na ngege wamo. Aliyekula sato Mwanza ameshakutana na familia hiyo, ingawa kwenye sahani. Wa Afrika wanaofugwa kwa uzuri wao hutoka hasa katika maziwa matatu. Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi, lina spishi zipatazo 250 za siklidi, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Nyasa lina mamia mengi zaidi, kuliko ziwa lolote lile. Victoria, ambalo ni pana lakini halina kina kirefu, lilikuwa na spishi kama 500 za furu, au fulu kama wanavyoitwa upande wa Kenya, kabla ya sangara aliyepandikizwa miaka ya 1950 kuwamaliza wengi wao.

Kosa la anayeanza ni kununua kwa rangi: mmoja wa njano, wawili wa bluu, mmoja mwenye nundu kichwani, na yule wa milia kwa sababu mtoto amempenda. Muuzaji huwatia wote kwenye mfuko mmoja na kusema ni siklidi wa Afrika. Muda si mrefu hubaki watatu, kisha mmoja mnene anayemiliki tangi zima. Mwenye tangi hudhani maji yalikuwa mabaya. Huenda maji hayakuwa na neno. Aliweka majirani ambao maumbile hayakuwahi kuwakutanisha, wenye vyakula tofauti na hasira tofauti, katika chumba kisicho na mlango wa kutokea.

Ndiyo maana uamuzi wa kwanza ni ziwa. Maji ya Tanganyika ndiyo magumu kuliko ya wenzake, na pH yake huwa kati ya 8.6 na 9.2. Ya Nyasa huwa kati ya 7.7 na 8.8. Ya Victoria yana madini machache zaidi. Samaki wengi huvumilia tofauti hizo wakizoeshwa polepole, kwa hiyo kinachowatenganisha zaidi ni tabia. Mbuna, yaani siklidi wa miambani wa Nyasa, hupigania mwamba mchana kutwa, na siklidi mpole wa Tanganyika akiwekwa naye atajificha pembeni mpaka afe njaa.

Kwa nyumba yenye nafasi ndogo, pa kuanzia ni Neolamprologus multifasciatus. Watu wengi hawamfikirii kwa sababu hana rangi ya kuvuta macho: ni wa kijivu, ana milia myembamba, na dume hukua mpaka sentimita 4 au 5 tu. Lakini hakuna samaki wa ukubwa huo mwenye maisha ya kutazamika kama yake. Katika Ziwa Tanganyika kuna maeneo ambayo sakafu yake imefunikwa na magamba matupu ya konokono Neothauma tanganyicense, ambayo hayaozi haraka kwa kuwa maji yana chokaa nyingi. Samaki huyu huishi humo. Kila mmoja ana gamba lake; hulizungushia mchanga kwa mdomo, hufukuza majirani kwa umbali wa vidole vichache, na akishtuka hutumbukia ndani kwa kufumba na kufumbua. Vifaranga hukaa na wazazi, nao wakikua huchukua magamba ya jirani. Tangi la lita 60 linaweza kubeba ukoo mzima.

Vifaa vyake ni rahisi. Mchanga laini wa kina cha sentimita 5, samaki sita hivi wa kuanzia, na magamba angalau matatu kwa kila mmoja. Neothauma hauzwi kila mahali, ila konokono wa nchi kavu wa jamii ya Achatina wamejaa mashambani kuanzia Tanga hadi Kampala, na magamba ya wadogo wao yanafaa sana. Yachaguliwe yenye mdomo wa sentimita 2 hadi 3, yachemshwe, yasuguliwe, yachemshwe tena mpaka yasibaki na harufu. Chakula ni punje ndogo zilizopondwa, na mara mojamoja Artemia au Daphnia.

Anayetaka rangi ataangukia kwa mbuna, na hapo hesabu inageuka. Tangi lisipungue urefu wa sentimita 120. Urefu ndio wenye maana kuliko kimo, kwa sababu samaki hawa hugombania sakafu na mapango. Tangi la sentimita 120 kwa 40 kwa 50 hubeba lita 240. Maji pekee ni kilo 240, na mawe na vioo huuvusha uzito kilo 300. Meza ya televisheni haiwezi. Stendi iwe ya chuma au mbao ngumu, isawazishwe kwa pimamaji, na chini ya kioo kuwe na tabaka la sponji au godoro jembamba la kuhami. Mawe hupangwa kwanza, juu ya kioo chenyewe au juu ya kipande cha povu gumu, ndipo mchanga humwagwa. Ukianza na mchanga, mbuna wataufukua chini ya mawe usiku, na mnara utaangukia kioo.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba mbuna wachache hupigana kuliko mbuna wengi. Wakiwa sita, dume mmoja hugawa tangi na kuua wengine mmoja mmoja. Wakiwa ishirini katika lita 240, hali huwa kama ndani ya daladala ya asubuhi: hakuna anayeweza kudai siti mbili, na hasira hugawanyika kwa wengi. Sharti ni kwamba kichujio kiwe na nguvu ya kutosha, na kila dume awe na majike watatu au wanne. Labidochromis caeruleus wa njano ni mpole kwa kiwango cha mbuna na anafaa kuwa wa kwanza. Iodotropheus sprengerae naye ni mtulivu. Melanochromis auratus, ambaye akiwa mdogo ana milia ya dhahabu inayouza sana, aachwe dukani; dume wake akikomaa hubadilika kuwa mweusi na mkorofi kupindukia.

Watanzania wana mbuna wao wa kujivunia. Demasoni, mwenye milia ya bluu nzito na bluu mpauko, alielezwa kisayansi na Ad Konings mwaka 1994 kutokana na samaki waliopatikana kwenye miamba ya Pombo, upande wa Tanzania wa Ziwa Nyasa. Anafugwa leo Japani, Ujerumani na Marekani, huku makazi yake ya asili yakiwa madogo mno. Hukaa vizuri akiwa katika kundi la kumi na mbili au zaidi. Wawili peke yao hawafiki mwaka.

Mgeni akiletwa katika tangi la mbuna, mawe yapanguliwe na kupangwa upya siku hiyohiyo, ili wenyeji nao wapoteze mipaka yao na waanze sawa. Mbinu hiyo hiyo ni maangamizi kwa Julidochromis wa Tanganyika. Hao huishi wawili wawili katika ufa mmoja wa jiwe, na ufa ukivurugwa, wapenzi wanaweza kugeuka maadui na mmoja akauawa. Ushauri mzuri kwa ziwa moja huwa sumu kwa jingine, na duka linalouza vyote pamoja haliwezi kuueleza.

Wawili wengine wa Tanganyika wanahitaji tahadhari. Frontosa, mwenye nundu na milia mipana, huuzwa akiwa na sentimita 5 na kuonekana mpole. Akikomaa hupita sentimita 30, huishi miaka ishirini na zaidi akitunzwa, na usiku humeza samaki wadogo waliolala. Hafai katika tangi la chini ya lita 500. Wale wanaovuliwa ziwani hutoka vina virefu, kwa hiyo hupandishwa kwa hatua, siku kadhaa, ili kibofu cha hewa kisipasuke. Aliyeharakishwa huelea kichwa chini. Tropheus naye ni mzuri na mgumu. Hukwangua mwani juu ya mawe siku nzima, utumbo wake ni mrefu, na kundi lake huwa na ngazi ya vyeo isiyokubali mgeni. Wanunuliwe kumi na mbili au zaidi, wote siku moja. Si samaki wa mwaka wa kwanza.

Sasa maji. Hapa ndipo subira inapohitajika, na ndipo wengi huikosa.

Samaki hutoa amonia kupitia mashavu kila anapopumua, na kinyesi na mabaki ya chakula huongeza nyingine. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili mpaka kiwango fulani. Bakteria hao hukaa kwenye kichujio na juu ya mawe, na tangi jipya halina. Huchukua wiki nne hadi sita kutosha. Katika muda huo kichujio kiwashwe, tangi lisiwe na samaki, na chakula kidogo kitupwe kila siku ili kioze na kuwalisha. Anayefahamiana na mfugaji mwingine aombe kipande cha sponji kilichotumika. Hufupisha kazi sana. Samaki waingie pale kipimo kinapoonyesha amonia na nitriti ni sifuri.

Kwa siklidi wa maziwa yetu hatua hii haina mjadala, kwa sababu ya ile pH ya juu. Amonia majini huwa ya namna mbili: moja yenye chaji, isiyodhuru sana, na nyingine huru, inayoua. Kwa joto la nyuzi 25, pH ikiwa 7, amonia huru haifiki hata asilimia 1. pH ikiwa 8 hufika asilimia 5 hivi. Ikiwa 9, ni zaidi ya theluthi. Kiasi kile kile cha uchafu ambacho samaki wa maji laini angekivumilia kinaweza kumuua Tropheus kabla ya jua kuzama. Hapo pia ndipo ulipo mtego wa wavivu: tangi lisilobadilishwa maji kwa miezi hushuka pH polepole, amonia ikajilimbikiza kwa ile namna isiyodhuru, kisha mwenye tangi anazinduka, anabadilisha nusu ya maji kwa maji mapya yenye pH ya juu, na yote inageuka sumu kwa mpigo. Samaki wakifa, maji mapya hulaumiwa.

Robo ya maji kila wiki, bila kukosa, ndiyo ratiba. Maji mapya yawe na joto na pH inayokaribiana na ya tangini. Ya bomba hutiwa klorini, na klorini huua bakteria wa kichujio kama inavyoua wa kipindupindu. Yalazwe kwenye ndoo wazi siku nzima huku pampu ya hewa ikiyakoroga, au yatiwe thiosulfeti ya sodiamu. Sponji ya kichujio isioshwe kwa maji ya bomba kamwe. Isuguliwe ndani ya ndoo yenye maji yaliyotolewa tangini.

Mahali anapoishi mtu huamua kazi iliyobaki. Maji ya visima vingi vya pwani yamepita kwenye mwamba wa matumbawe na ni magumu tayari. Kilichobaki ni kuhakikisha hayana chumvi ya bahari. Nairobi ni kinyume. Maji yake mengi hutoka milima ya Nyandarua, nayo ni laini, kwa hiyo yanahitaji kuongezewa chokaa. Njia nzuri ni ile ya polepole: mchanga wa matumbawe yaliyosagwa chini, au mfuko wa mawe ya chokaa ndani ya kichujio. Matumbawe hai yasiguswe baharini, kwani ni kosa kisheria. Wapo wanaotumia magadi, na pH kweli hupanda, ila hupanda kwa kuruka, na samaki huumizwa zaidi na mruko kuliko na namba yenyewe.

Hita ni ya lazima Nairobi, Arusha na Mbeya, ambako usiku wa Julai maji yangeshuka chini ya nyuzi 20. Dar es Salaam na Mombasa hita ni pesa iliyotupwa. Huko tatizo ni Februari, maji yakifika nyuzi 30 na hewa ndani yake ikapungua. Mfuniko uondolewe, wavu uwekwe, na feni ielekezwe juu ya maji. Lengo ni nyuzi 24 hadi 27.

Halafu kuna umeme. Vitabu vya ufugaji vilivyoandikwa Ulaya havina sura kuhusu mgao, na hapa ndipo mfugaji wa kwetu anapaswa kuwa na akili yake. Kichujio kikubwa cha nje, kile cha ndoo iliyofungwa, kikizimika saa nyingi bakteria wake hukosa hewa na kufa. Umeme ukirudi humwaga uozo tangini. Kifunguliwe na kusuuzwa kabla ya kuwashwa. Kwa anayeishi mtaa wenye kukatika kwa umeme mara kwa mara, vichujio viwili vya sponji vinavyosukumwa na pampu ya hewa ni bora kuliko kimoja cha bei kubwa, kwa sababu pampu ndogo ya hewa inaweza kuendeshwa na betri au pawabenki usiku kucha. Umeme ukiwa umekatika, samaki wasilishwe. Siklidi mzima hukaa siku tatu bila kula na asidhurike.

Kwa kweli, wengi hufa kwa kushiba kuliko kwa njaa. Mbuna wengi na Tropheus ni walaji wa mwani. Moyo wa ng'ombe na minyoo ya damu, vinavyosifiwa kukuza samaki haraka, huwavimbisha matumbo. Dalili ni samaki kukataa chakula, kujitenga kwenye kona, kuhema haraka na kutoa kinyesi cheupe kama uzi. Tumbo likishavimba, wachache hupona. Chakula chao kiwe na spirulina, ambayo ni ndugu wa kile kinachowalisha heroe wa Ziwa Natron. Mara mbili kwa siku, kiasi kinachokwisha ndani ya dakika moja au mbili, na siku moja ya wiki bila kitu. Watoto wa nyumba wafundishwe hilo mapema, pamoja na mgeni anayependa kudondoshea samaki makombo ya mkate.

Furu wanastahili mfugaji wao pia. Mmoja wao, Haplochromis nyererei, mwenye dume la mgongo mwekundu na ubavu wa njano wenye milia, alipewa jina la Julius Nyerere mwaka 1985 na watafiti Waholanzi waliofanya kazi Mwanza, mwaka ule ule Mwalimu aliong'atuka. Spishi hizi hutambuana kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji ya Victoria yalivyozidi kuwa machafu, rangi zilififia na spishi zikaanza kuchanganyika. Katika majaribio ya tangini, chini ya taa ya rangi ya machungwa majike walishindwa kumbagua dume wa spishi yao na wa spishi ya jirani. Mafundisho kwa mwenye tangi ni mawili: taa iwe nyeupe, na spishi zinazofanana zisiwekwe pamoja. Ndivyo ilivyo pia kwa Aulonocara wa Nyasa, ambao majike wao wote ni wa kijivu na huzaa na dume yeyote aliye karibu.

Kuzaliana kwenyewe si kazi. Jike wa mbuna au furu hutaga, huokota mayai mdomoni, na kuyabeba kwa wiki tatu hivi bila kula. Anayetaka vifaranga amhamishie kwenye tangi dogo katika wiki ya tatu. Asiyetaka amwache, na tangi lenye samaki wengi litapunguza idadi lenyewe. Wanaouzwa waandikiwe spishi na asili yao. Mchanganyiko usiojulikana usipewe mtu anayetaka kuzalisha.

Kuwavua mwenyewe ziwani kunahitaji kibali cha idara ya uvuvi, na katika Hifadhi ya Mahale hata ukanda wa maji wa kilomita 1.6 kutoka ufukweni ni sehemu ya hifadhi. Aliyezaliwa tangini ni chaguo bora kwa kila hali: ameshazoea punje na maji ya bomba, na hakuna mwamba uliopunguziwa wakazi wake.

Anayehama au aliyechoka kufuga awarudishe samaki dukani au ampe mfugaji mwingine. Asiwamwage mtoni wala bwawani, na asiwamwage hata ziwani kwao, kwa sababu samaki aliyekaa tangini anaweza kurudi na vimelea, na wa Kipili akimwagwa Kigoma ataharibu uzao wa wenyeji ambao umejitenga kwa maelfu ya miaka.